Bastola ya Kazi Mbili

Mume wangu aligundua kwamba anaumwa siku aliyoshindwa kufyatua bastola yake. Haikuwa na risasi. Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwetu Timbwani, Likoni, nami nilikuwa upande wa pili wa meza nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Kila mwisho wa mwezi alikuwa na desturi ya kuitoa ile bastola kwenye kasha lake la chuma, akaitandikia leso kuukuu, akaisafisha, akaipaka mafuta, kisha akakivuta kifyatulio mara kadhaa kusikiliza kama kila kitu ndani kinakwenda sawa. Nilikuwa nimeuzoea mlio wake kama mtu anavyoizoea saa ya ukutani. Kwanza mkwaruzo mdogo wa silinda inayozunguka, kisha tak, nyundo imeanguka. Siku ile niliusikia mkwaruzo, halafu kimya.

Nikainua macho. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia, mtutu umeelekea ukutani, na kidole cha shahada kimekwama katikati ya safari. Kilikuwa kinatetemeka. Akakiachia polepole, nyundo ikarudi mahali pake. Akajaribu tena, mambo yakawa yale yale. Mara ya tatu alitia vidole viwili, akamaliza.

"Springi imekaza," akasema, nami nikarudi kwenye insha zangu.

Yeye alikuwa fundi wa silaha katika polisi hadi alipostaafu. Hakuwa askari wa kukimbizana na wezi. Siku zake alizimaliza ndani ya ghala, katikati ya bunduki zilizopangwa kama vitabu, akitengeneza zilizoharibika. Alikuwa Mtaita wa milimani, mtu wa sauti ya chini, na watu walipoambiwa kwamba yule mzee anayeimba besi kanisani ni polisi, walidhani wanataniwa.

Tulijuana uwanjani Changamwe, siku ya mashindano ya shule za msingi. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, mtoto wa Kaloleni, nimepewa kazi ya kuwapanga watoto kwenye mstari wa kuanzia mbio. Ile bastola ya kuanzishia mbio iligoma. Mwamuzi aliivuta, akaivuta, watoto wameinama jua la saa saba linawachoma migongoni. Askari mmoja aliyekuwa pembeni akaja, akaiomba, akaitazama ndani kwa jicho moja, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kwa adabu kama ninaweza kumwazima pini ya nywele. Aliichokonoa kidogo, akavuta, ikalia. Watoto wakatimka kwa sababu walidhani mbio zimeanza, ikabidi niwakimbilie kuwarudisha. Alikuja shuleni wiki iliyofuata kuniletea pini, ingawa pini kama ile mtu huitupa bila kuifikiria. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa. Tangu hapo aliniita Mwalimu nami nikamwita Fundi, hata mbele ya mtoto wetu.

Mtoto tulijaliwa mmoja tu, binti, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi stesheni ya reli Miritini.

Bastola yenyewe ilimjia uzeeni. Baada ya kustaafu alipata kazi katika duka la silaha kisiwani, upande wa pili wa feri, lenye leseni zake zote, kwa Mhindi mmoja mzee. Yule mzee alipoamua kulifunga duka na kuwafuata wanawe ng'ambo, alimwachia ile bastola kama ukumbusho. Ilikuwa imetengenezwa Ulaya kabla mimi na mume wangu hatujazaliwa. Mpini wake ulikuwa wa mbao, umelainika kwa mikono ya watu tusiowajua. Ruhusa ya kuimiliki ilichukua muda mrefu, na maafisa walikuja nyumbani kukagua kasha na namna lilivyofungwa ukutani. Mimi sikuitaka. Nilikubali kwa sharti kwamba risasi zisikae nayo pamoja, na sharti hilo alilishika. Zilikaa katika kijisanduku kingine, chenye ufunguo mwingine, na nje ya uwanja wa shabaha hakuwahi kuzitia ndani.

Alipenda nisiiogope. Siku moja, katika wiki za mwanzo, aliniita mezani. Akaifungua, akanionyesha kwamba haina kitu, akanionyesha tena, kisha akatia maganda matupu ya risasi zilizokwisha kutumika. Alinieleza kwamba nyundo za bastola za zamani zina ncha, na ncha ile ikipiga hewa kila siku hatimaye huvunjika, hivyo ni vizuri iwe na kitu cha kuangukia.

"Hii ni ya kazi mbili," akaniambia. "Kidole kimoja, kazi mbili."

Akanifafanulia. Kidole kinapokivuta kifyatulio nyuma, kinainua nyundo huku kikiizungusha silinda ilete risasi nyingine nyuma ya mtutu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Kikifika mwisho kinaiachia nyundo ianguke, na hiyo ndiyo ya pili. Mtu asiyetaka kukichosha kidole anaweza kuikoki nyundo, yaani kuiinua kwa gumba kwanza, akakiachia kidole ile kazi moja tu ya kuiangusha, nayo ni nyepesi kama kuvunja njiti ya kiberiti. Lakini yeye alipenda ile safari ndefu. Alisema bastola za siku hizi zinavutika sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho kama droo mpya, hazina habari ya kukupa. Hii ilianza nyepesi, ikazidi kuwa nzito kila ukienda, halafu karibu na mwisho kulikuwa na mahali ilipotulia, nyundo iko juu kabisa, haijaanguka. Mahali hapo alipaita kizingiti. Kidole chenye mazoezi kiliweza kusimama kizingitini, mtu akatengeneza shabaha yake, akavuta pumzi, kisha akavuka. Alisema kizingiti kile hakikuja chenyewe. Kuna mtu alikaa na tupa ndogo akikikwangua chuma kwa chuma mpaka kikakaa, na mtu huyo alikuwa na subira.

Nilipovuta mimi, nilishangaa uzito wake. Nikakaza meno, nikavuta kwa nguvu, mtutu ukayumba huku na huku. Hakunicheka. Aliuweka mkono wake juu ya wangu.

"Unavuta kwa hasira. Vuta kama unayeteka maji kisimani. Ukiishtua kamba, ndoo itamwagika."

Nikavuta taratibu. Nilikisikia kizingiti chini ya kidole, kama hatua ya mwisho ya ngazi ambayo mguu unaijua kabla ya jicho. Nilisimama pale kidogo, nikavuka. Alifurahi kama siku binti yetu alipotembea.

Baada ya ile Jumamosi aliifungua bastola yote. Alitandaza vyuma vyake juu ya meza, skrubu akaziweka kwenye kifuniko cha chupa ya jemu zisipotee, akaviosha kimoja kimoja kwa mafuta ya taa. Springi kuu aliikunja na kuikunjua, akaitazama juani. Hakuona kasoro. Akairudishia, akavuta, kidole kikakwama pale pale.

Hapo akaniuliza kama tuna unga ndani.

Nilidhani ana njaa. Akasema anataka pakiti za kilo mbili, zote zilizopo. Ghalani, alinieleza, walikuwa na mawe maalumu ya mizani ya kupimia uzito wa kifyatulio: bastola inashikwa mtutu ukiwa juu, jiwe linaning'inizwa kwenye kifyatulio kwa kulabu, na uzito unaoiangusha nyundo ndio uzito wa kifyatulio kile. Siku aliyoileta nyumbani aliipima kwa unga, kwa sababu mawe ya ghala hakuwa nayo tena, na uzito wake aliukumbuka. Ikiwa imekokiwa, pakiti moja ilitosha. Kwa safari ndefu, pakiti tatu.

Alikunja waya ukawa kulabu, akauning'inizia mfuko wa sokoni. Mimi nilisimama kitini nikiishika bastola kwa mikono miwili, mtutu ukiangalia dari, yeye chini akitia unga. Pakiti ya kwanza, kifyatulio hakikutikisika. Ya pili, kikaanza kurudi, silinda ikazunguka kidogo, kikasimama. Akaitia ya tatu taratibu, mkono wake ukiwa chini ya mfuko, kisha akauondoa mkono. Silinda ikamaliza mzunguko wake, nyundo ikasita kizingitini, ikaanguka. Tak.

Tulirudia. Ikawa vile vile. Akaniambia niikoki, akatia pakiti moja, ikaanguka.

Alizitoa zile pakiti mfukoni akazipanga juu ya meza, zikatazamana na ukuta kama ziko dukani. Nilishuka kitini. Nilimwuliza basi ni nini.

"Bastola ni nzima, Mwalimu," akasema. "Basi ni mimi."

Hospitalini kisiwani tulikwenda mara nyingi. Mara ya kwanza walidhani ni shingo, mara ya pili wakadhani ni sukari, mpaka tukafika kwa daktari mmoja mpole aliyemgonga magoti kwa nyundo ya mpira na kumwambia akibane kidole cha daktari kwa nguvu zote. Alipomaliza vipimo alituambia kwamba mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli inakufa, imeanzia mkononi, itaendelea kwingine, na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Akili haitaguswa. Mume wangu alimwuliza swali moja tu, kwamba mwisho wake ni wapi. Daktari akasema kwa kawaida ni kwenye kumeza na kupumua. Mume wangu akamshukuru. Tulirudi Likoni, na tulipofika sokoni aliniuliza kama tusinunue samaki, nami nikasema tununue.

Nilitaraji asiiguse ile bastola tena. Kinyume chake, akawa anaitoa kila asubuhi baada ya chai. Alijaribu safari ndefu kwa kidole kimoja. Kikigoma, alitia viwili. Miezi ikapita, viwili navyo vikagoma, akawa anaikoki kwa gumba na kuiangusha kwa ile kazi moja nyepesi. Halafu gumba likashindwa kuiinua nyundo, akawa anaikoki kwa kiganja cha mkono wa kushoto. Nilimwambia anajitesa. Akanijibu kwamba daktari anamhesabia kwa miezi, na miezi hajui kuisoma, lakini kifyatulio kinamwambia habari ya leo. Alisema afadhali aagane na mkono wake akiutazama kuliko aamke siku moja aukute haupo.

Nilikwenda jikoni nikafungulia maji ili asinisikie.

Binti yetu alikuja Jumapili moja kutoka Miritini, akanivuta uani. Aliniuliza kama bastola bado imo ndani. Nikamwambia imo. Akasema kwamba watu wenye ugonjwa kama huu hukata tamaa, na kwamba mimi ni mtu mzima, sihitaji kuelezwa. Nilimkemea. Nilimwambia asimzulie babake. Lakini neno likisha kuingia sikioni halitoki. Tangu siku ile kila nilipokwenda dukani nilirudi mbio, na nikifika mlangoni nilisimama kwanza, nikasikiliza, mpaka nimsikie akikohoa.

Mwishowe nikaona kheri kuuliza. Nilikuwa nikimnyoa ndevu barazani, kwa kuwa wembe ulikuwa umemshinda. Shavu moja nilikuwa nimelimaliza.

"Fundi, nataka kukuuliza neno, na unijibu kweli."

"Uliza."

"Ile bastola. Unafikiria kuitumia?"

Hakujifanya hajaelewa. Povu lilikuwa likimkauka kwenye shavu la pili. Akaniambia kwamba risasi hazimo ndani ya nyumba. Alizirudisha zote kituo cha polisi wiki ile ile tuliyotoka kwa daktari, siku aliyoniambia anakwenda kwa kinyozi. Kijisanduku ni kitupu, na ufunguo wake uko mahali pake, niende nikaangalie.

"Nilijua siku moja utaogopa," akasema. "Nikataka siku hiyo ikifika, liwe jambo limekwisha."

Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema angeniambia vipi bila kunitia hofu ambayo bado sikuwa nayo. Halafu akasema hivi, na maneno haya nimeyahifadhi kama yalivyo: "Kufikiria nilifikiria, Mwalimu, siku mbili tatu za mwanzo. Nikaona siwezi kukuachia wewe kazi ya kunikuta."

Nililia mikono ikiwa na sabuni. Yeye hakuweza kuinua mkono kunifuta, akanisogezea kichwa chake begani. Shavu la pili tulilimaliza baadaye sana.

Nilimpigia binti yetu nikamweleza kuhusu risasi. Nilidhani atatulia. Lakini alikuwa ameshika jambo lake, na hofu ikimwingia mtu huwa kama hasira. Aliendelea kusema ile bastola itoke, isikae kwenye nyumba ya mgonjwa. Safari iliyofuata alimkuta babake mezani, bastola juu ya leso, mikono miwili imeizunguka kama mtu anayeota moto, akijaribu kuiinua. Hakumwamkia kwanza. Alimwambia, "Baba, umeipenda hii kuliko ulivyotupenda sisi."

Babake akamwuliza kama amekula. Binti yangu akageuka akatoka, akarudi Miritini siku ile ile. Mimi nilibaki nikimtazama mume wangu akijaribu kuikunja ile leso, na nikaona kwamba neno lile limemwingia mahali pabaya. Kasha lilipofungwa siku ile, hakuitoa tena bastola kwa mazoezi yake ya asubuhi.

Baada ya muda mfupi akaniambia anataka kuirudisha serikalini. Nilimwambia polisi wanaweza kuja kuichukua. Akakataa. Alisema aliipokea kwa mikono yake na ataitoa kwa mikono yake, na kwamba ni lazima iwe sasa, maana mwezi ujao mikono yenyewe huenda isimsikilize. Lakini kwanza lazima isafishwe. Hawezi kuirudisha chafu.

Basi siku ile mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Alikaa kitini pembeni yangu, akanielekeza kwa sauti iliyokwisha kuanza kukwaruza. Fungua skrubu hii, ya pili usiiguse. Toa ubao wa mpini. Inua kifuniko cha ubavuni, usikilazimishe. Nikakiinua, na kwa mara ya kwanza nikaona ndani. Nilitarajia uchafu na kutu. Niliona vyuma vidogo vinavyong'aa, kimekaa kimoja juu ya mabega ya kingine. Alinionyesha kwa kidevu: hiki kinaisukuma silinda, hiki kinaizuia isipite kiasi, na hapa, kwenye kona hii isiyofika upana wa ukucha, ndipo kizingiti kilipo. Nilikigusa kwa ncha ya kidole. Kilikuwa laini kama jino la mtoto.

Nilikipaka mafuta kila alichonitajia. Nilipokosea hakuniharakisha. Nilipofunga skrubu ya mwisho aliniambia nitie yale maganda matupu, kisha nimpe mkononi.

Nikakiweka kidole chake juu ya kifyatulio. Kilikuwa chepesi, hakikuwa na uzito wa kidole cha mtu mzima. Akajaribu. Nilimwona shingo ikimkaza, lakini kidole kilibaki pale pale, hata kutetemeka hakikutetemeka. Nikakiweka changu juu ya chake. Sikumwuliza. Nikavuta taratibu, kidole chake kikiwa katikati ya changu na chuma, silinda ikaanza kuzunguka, uzito ukapanda.

"Simama," akasema.

Tulikuwa kizingitini. Nilimsikia akivuta pumzi, akaitoa. Alifumba macho. Nje kuna mtu alikuwa akipita na baiskeli, kengele yake ikilia, akatokomea. Sijui tulikaa muda gani, mkono wangu ulianza kuuma na sikutaka kuutoa.

"Haya," akasema, tukavuka.

Kituoni tulikwenda kwa tuk-tuk, bastola imefungwa ndani ya begi mapajani mwangu. Pale mezani palikuwa na askari wa kike, kijana. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akamletea kiti, lakini mume wangu hakukaa. Alitaka kuiweka mezani mwenyewe. Nilimshikilia viwiko kwa nyuma, naye akaibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba bakuli lililojaa, akaiweka. Yule askari aliikagua, akaandika alichopaswa kuandika, kisha akamwambia kwa sauti ya upole kwamba silaha za zamani namna hii hazirudi kwa mtu, zinakusanywa na kuchomwa. Nadhani alitaka kumtayarisha.

"Najua, binti," mume wangu akasema. "Mimi mwenyewe nimezichoma nyingi."

Tulipofika nyumbani aliniomba nimlaze, na alilala hadi jioni.

Baada ya hapo ugonjwa haukumpa nafasi. Ulitoka mikononi ukaingia miguuni, kutoka miguuni ukapanda kooni. Ile besi yake ya kanisani ilikwenda kwanza, kisha maneno. Tukawa tunazungumza kwa macho: akifumba mara moja ni ndiyo, akiangalia pembeni ni hapana. Nilimlisha uji, papai lililopondwa, supu ya samaki niliyoichuja. Alikuwa na akili zake zote, kama daktari alivyosema, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba alikuwa mzima ndani ya mwili uliokuwa ukifungwa mlango baada ya mlango, na alisikia kila mlango ukifungwa.

Binti yetu aliomba likizo akaja kukaa nasi. Siku ya kwanza aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia. Babake hakuwa na sauti ya kumwitikia marahaba. Akamwambia, "Baba, lile neno nililokwambia. Nilikuwa naogopa. Naomba radhi." Babake alimtazama, macho yakajaa maji, akayafumba mara moja. Akayafumbua, akayafumba tena. Binti yangu hakuamini kwamba ile ni ndiyo. Aliniuliza mimi, akaniuliza tena kesho yake. Nilimwambia ni ndiyo. Hata leo hana hakika, na hilo linanikata maini, maana sauti moja tu ya babake ingemtosha maisha yake yote, nayo ilikuwa imekwenda wiki chache kabla.

Alifariki asubuhi, katika mvua za masika. Binti yetu alikuwa akimsomea zaburi, mimi nilikuwa mlangoni na bakuli. Alivuta pumzi, akaitoa, tukangoja nyingine. Binti yangu aliendelea kusoma mpaka mwisho wa aya kabla ya kuinua macho. Hakutaka kuwa wa kwanza kujua.

Tulimzika kwao milimani, kwenye ukungu, kwenye baridi ambayo mimi mtu wa joto sikuwahi kuizoea. Wenzake waliostaafu walikuja, wazee wenye fimbo, wakasimama wima kadiri migongo ilivyowaruhusu. Ndugu zake waliniomba nikae nao. Niliwashukuru, lakini nyumba ya Timbwani ndiyo niliyoishi naye, nikarudi.

Kanisani wananiambia Mungu amempumzisha. Naitikia amina, kwa sababu wanasema kwa mapenzi na kwa sababu ndivyo inavyoitikiwa. Moyoni sijakubali. Mtu aliyejua kusimama pale ambapo wengine wote huteleza, alistahili mwisho mwingine, na sijapata mtu wa kumweleza hilo akanielewa.

Binti yangu amerudi Miritini. Hunipigia simu kila jioni akitoka kazini. Aniulize nimepika nini, nimwulize yeye amekula nini, aniambie habari za abiria na za mvua. Kisha maneno hutuishia. Hakuna anayekata. Namsikia akipumua upande wa pili, naye bila shaka ananisikia, na tunakaa hivyo mpaka mmoja wetu aseme kwamba sufuria iko motoni.